Kindege kidogo cheusi, duara ya buluu kwa jicho, msitu wa Kakamega. Ni gani hiki?

Mkaaji_wa_Lanet

Habari za jioni wadau. Mimi ni mtu wa Nakuru, ndege nazojua ni flamingo na marabou wa dampo, zingine zote kwangu ni ndege tu. Sasa Jumamosi tulikuwa kwa kina wife Shinyalu, kulikuwa na mazishi kwa jirani, na unajua ukiwa mkwe kwa mazishi ya watu huwajui kazi yako ni kukaa kwa kiti ya plastiki ukiitikia salamu. Shemeji yangu mdogo, kijana wa fomu tatu, akaniona vile nimechoka akasema twende nikuonyeshe msitu hata hawatajua tumetoka, tukapanda boda hadi Isecheno.

Hiyo msitu ni giza bana. Ilikuwa saa nne asubuhi lakini huko ndani ni kama saa moja kasoro jioni, na chini ni kimya, kelele yote iko juu kwa hondohondo na mbega. Tumetembea kama nusu saa sijaona kitu nikaanza kufikiria ile pilau tumeacha nyuma. Mara nikasikia trrrp, kama mtu amepitisha ukucha kwa meno ya kitana. Nikasimama. Kakatua kwa kijiti mbele yangu, kimo cha goti, hata mita mbili haikufika.

Kadogo sana, kama limau limepewa miguu. Mkia ni kama umekatwa na makasi. Mgongo na koo nyeusi ya kung'aa, tumbo nyeupe, shavuni doa ya rangi ya tofali la kuchomwa. Lakini jicho sasa! Limezungushiwa duara ya buluu, ile buluu ya daftari za shule mpya, na sio manyoya, ni kama mtu amekata kipande cha puto akabandika. Kakaniangalia na hilo jicho, kakaruka chini ya jani kakachuna kitu, trrrp, kakapotea. Sekunde tano kama ni nyingi. Picha niliyopiga ni majani na kivuli cheusi, shemeji anaicheka mpaka leo.

Maswali yangu ni mawili. Ni ndege gani? Na pili, baba mkwe amezaliwa hapo, shamba yake inapakana na msitu, amepanda miti mingi tu, na anasema miaka yote hajawahi kuona kitu kama hiyo, ati ni njaa ilikuwa inanionyesha mambo. Inawezekanaje ndege ikae ng'ambo ya barabara miaka sabini na isivuke?

Afraha_Stand7

Mtu wa Nakuru kutoroka mazishi kabla ya chakula, hiyo ndio ajabu ya hii stori, ndege ni kitu ndogo.

Dunga_Breeze

Hiyo ni wattle-eye ya kawaida tu, iko hata hapa Kisumu kwa nyua za Milimani. Nyeusi na nyeupe na kajinyama kwa jicho. Dume ana mstari mweusi kifuani, jike koo yake ni ya kahawia. Mimi huwaona wawili wawili kwa mwembe wetu.

Mkaaji_wa_Lanet

@Dunga_Breeze hiyo ya kwenu nyama ya jicho ni rangi gani? Yangu ilikuwa buluu, hapo siwezi badilisha hata kwa kiapo. Na koo nyeusi yote, sio mstari.

Dunga_Breeze

Ya kwetu ni nyekundu. Basi sio hiyo, nimerudi nyuma.

Njia_ya_Isiukhu

Mkaaji umebahatika ndugu yangu, kuna wageni wanatoka Ulaya na darubini ya bei ya pikipiki wanakaa siku tatu na hawaioni vile wewe umeiona. Nimetembeza watu huu msitu miaka mingi na kwa maelezo yako sina shaka. Hiyo inaitwa Jameson's wattle-eye. Urefu wake ni kama sentimita 8 hivi, mkia mfupi, doa ya tofali shavuni, duara ya buluu, yote umesema mwenyewe. Hicho kiduara ni ngozi tupu, haina manyoya, na ukoo wao wengi wanayo kwa rangi tofauti tofauti, ya Kisumu nyekundu kama vile dada amesema, na hapa hapa Kakamega kuna mwingine wa tumbo la njano.

Hiyo trrrp yako ni mabawa. Hawa wadogo wa mkia mfupi hupiga mabawa ikatoa sauti wakiruka, na pia wanagonganisha mdomo, tak tak. Mimi siwatafuti na macho kabisa. Nafika mahali vichaka vimefungana, kamba za msituni zimeshuka, nasimama. Naambia wageni hata kikohozi meza. Dakika kumi, kumi na tano. Kama wako utasikia hicho kitana chako kabla uone kitu, halafu unaangalia kimo cha goti mpaka kimo cha kichwa. Watu wanakosea kwa sababu wakisikia neno ndege wanainua shingo juu, na huyu maisha yake yote ni hapo chini, anachuna viwavi na buibui na vidudu chini ya majani. Hata kiota ni hapo, kikombe kidogo sana, ameshikilia na utando wa buibui.

Wewe kwenu Nakuru uko na ndugu yake pia. Enda kwa ile migunga karibu na ziwa usikilize filimbi tatu zinashuka kama mtu anateremka ngazi. Huyo ni chinspot batis, ukoo mmoja. Tofauti ni yeye anapenda mahali pakavu pa jua na huyu wetu jua hataki kuisikia.

Afraha_Stand7

Jameson kama ile ya chupa?

Njia_ya_Isiukhu

Utacheka lakini ni familia hiyo hiyo. James Sligo Jameson, mtu wa ukoo wa yule mwenye kiwanda cha whisky cha Ireland. Alikuja na msafara wa Stanley, yule mvumbuzi Mzungu, wa kwenda kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekwama huko Sudan ya kusini, akaachwa na kikosi cha nyuma huko Kongo, akafia huko 1888. Alikuwa anakusanya ndege na wadudu, na ndege ikapewa jina lake 1890, yeye ameshazikwa. Stori zingine zake za Kongo hazipendezi kabisa sitaziweka hapa watu wakiwa wanakula.

Ticha_Kondele

Mimi nafundisha bayolojia, wacha nishike hilo swali la pili kwa sababu naliona zuri kuliko la kwanza, na samahani nitaandika kirefu.

Baba mkwe hakudanganyi na wewe pia hudanganyi. Shamba amepanda miti gani? Nabahatisha, mikalitusi. Sasa ingia chini ya mikalitusi uangalie kimo cha goti. Hakuna kitu. Majani makavu, labda nyasi kidogo, unaona mpaka upande wa pili, jua imeingia kila mahali. Kwa hiyo ndege hapo ni kama wewe uambiwe hii ni nyumba na ni nguzo nne na paa, ukuta hakuna, kitanda hakuna, jikoni hakuna. Anachokula kinakaa kwa yale majani ya chini na takataka yenye unyevu, na hiyo mikalitusi haina.

Hiyo ni chakula. Kuvuka sasa ni jambo lingine. Ndege wa giza la chini ya msitu hawapendi kutoka kwa mwanga, na mabawa yao ni mafupi ya mviringo, imetengenezwa kuruka kutoka kijiti hiki hadi kile, sio safari. Kuna mfano mmoja huwa nawapa wanafunzi na hawausahau, ni wa mbali, Panama. Walipotengeneza ule mfereji wa meli waliziba mto, 1914 ziwa likajaa, na kilima kimoja cha msitu kikabaki kisiwa, Barro Colorado. Kikalindwa, hakuna mtu wa kukata mti pale. Mngetarajia ndege wote wabaki, si ndio? Lakini miaka ikienda wale wadogo wa chini wanaokula wadudu wakawa wanapotea mmoja mmoja, na hawarudi, na ng'ambo ya maji wako. Watafiti baadaye wakajiuliza swali kama lako, mbona wasivuke. Wakashika ndege, wakawapeleka na boti katikati ya ziwa wakawaachilia, mita 100 kutoka nchi kavu, wengine 200, wengine 300. Kuna aina walifika bila shida. Kuna aina wengine hata hiyo mita 100 iliwashinda, wanapiga mabawa mpaka wanaanguka kwa maji, boti inawaokota. Mita 100 ni uwanja wa mpira!

Sasa rudi Shinyalu. Barabara, halafu mahindi, halafu chai, halafu boma, halafu miwa. Kwa huyu Jameson wako hiyo ni ziwa.

Mkaaji_wa_Lanet

Mwalimu hapo umenimaliza. Na ni mikalitusi kweli, umejuaje, imejaa mpaka kwa mto. Nitamsomea baba mkwe hii lakini sehemu ya nyumba bila jikoni nitaruka.

Mama_Khayega

Hamjambo wanangu. Mimi huwa nasoma tu hapa siandiki lakini leo mmegusa kwetu. Hako ka jicho la buluu sikajui, sitadanganya. Lakini kuna mwingine nataka muniambie.

Tumeenda kuni huo msitu tangu nikiwa msichana, kuni kavu ya kubeba kichwani. Na mama yangu alitufunza, ukisikia ndege wanalia chini pamoja, wengi, mahali pamoja, usiende hapo na miguu tupu maana hapo kuna siafu. Na kweli ukichungulia unaona siafu wametandaa kama nguo imeanikwa chini, na juu yao kwa vijiti vya chini chini kuna ndege wa kahawia amekaa kimya, ana nyusi nyeupe, miguu mirefu ya rangi hafifu. Panzi akiruka kukimbia siafu, huyo ndege anashuka, pap, amemchukua, amerudi kwa kijiti. Mende akitoka, pap. Buibui, pap. Hata siafu hawamtambui. Mimi nilikuwa nasimama nikiangalia mpaka naulizwa kuni iko wapi. Siafu hao hao wakiingia kwa nyumba usiku sisi tunatoa kuku na watoto mbio, tunamwaga majivu ya moto na mafuta ya taa, yeye anawafuata kama mtu anafuata tinga tinga!

Huyo ni nani?

Njia_ya_Isiukhu

Mama asante sana, hapo umesema kitu wageni hulipia kuambiwa. Huyo ni alethe, yule wa kifua cha kahawia, vitabu vinamwita brown-chested alethe. Huyo ndio mtu wa siafu wa huu msitu. Siafu yenyewe hali, watu hukosea hapo, anakula kile kinachowakimbia. Hayuko peke yake, wanakuja wengine, kuna white-tailed ant-thrush, kuna bristlebill wa mkia mwekundu, kila mtu na nafasi yake, wakubwa wanachukua mahali pazuri mbele pale wadudu wanaruka wengi na wadogo wanafukuzwa pembeni.

Na hii inarudi kwa swali la kuvuka. Siafu wa kuwinda juu ya ardhi hapa wako aina mbili, wanasayansi wanaita Dorylus wilverthi na Dorylus molestus. Huyu molestus utampata mpaka kwa vipande vidogo vya msitu. Wilverthi anataka msitu mkubwa, kwa vipande vidogo hayuko. Na ndege wa siafu wanampenda wilverthi zaidi. Kwa hiyo unaweza kupata kipande cha msitu miti imesimama, kutoka nje unasema iko sawa, lakini wilverthi ameisha na wale ndege wa siafu wamepungua naye. Msitu wote umeandikwa kama kilomita mraba 240 lakini ndani ya hiyo kuna chai, kuna mashamba ya miti, kuna malisho, kuna mapera yamejaa pale palikatwa zamani. Kisere huko kaskazini ni kipande cha kama kilomita mraba 4 peke yake, imezungukwa na mahindi.

Dunga_Breeze

Swali kwa guide. Mwaka jana tulikuja na kikundi, jamaa aliyetutembeza akawa anapiga sauti ya ndege kwa simu na spika ndogo ili wajitokeze, mahali pamoja kama dakika ishirini. Tuliona ndege ndio, lakini mimi roho yangu haikutulia. Hiyo ni sawa?

Njia_ya_Isiukhu

Wengine wetu tunapigana juu ya hiyo kitu kila siku. Sitasema sijawahi. Mgeni amelipa, amebakisha siku moja, anakuangalia hivi. Lakini fikiria hako kandege ka sentimita 8. Kakisikia sauti ya mwenzake kanadhani kuna mtu ameingia boma lake kuchukua mke, kanaacha kula, kanaacha mayai, kanazunguka spika na hasira. Mara moja sekunde chache labda. Dakika ishirini, na kesho guide mwingine hapo hapo, na kesho kutwa mwingine, kwa jozi ile ile maana ndio iko karibu na njia? Hapana. Siku hizi mimi nasimama tu. Mgeni akikosa nampeleka kwa siafu, hapo hakuna mtu amewahi kulalamika isipokuwa juu ya suruali.

Ticha_Kondele

Mama_Khayega niruhusu nikuulize. Zile kelele, kwenu mlikuwa mnazitofautisha? Yaani mlijua hii ni ya siafu na hii ni ya nyoka?

Mama_Khayega

Ndio mwalimu. Ya nyoka ni ya hasira, wako juu kidogo na wanasogea na nyoka, na wanakuja hata wale hawakai huko chini. Ya siafu ni ya watu wako kazini, analia mmoja, ananyamaza, mwingine. Wananyamaza sana katikati kwa sababu mdomo umejaa.

Mkaaji_wa_Lanet

Narudi na ripoti. Tulikuwa Shinyalu tena wikendi hii, mke wangu anadhani napenda sana kwao siku hizi, sijamwambia ukweli. Nilimsomea baba mkwe yote, akasikiliza, akauliza huyo mwalimu wa Kondele ana shamba ekari ngapi. Lakini asubuhi nikamkuta amesimama nje na chai anaangalia ule upande wa msitu, akaniambia zamani akiwa mtoto msitu ulikuwa unafika pale kwa choo cha jirani, na walikuwa wanasikia vitu asubuhi ambavyo sasa havisikiki, yeye alidhani ni masikio yake yamezeeka.

Tukaenda, mimi na shemeji. Saa kumi na mbili na nusu tuko ndani. Nimesimama mahali nilikionea, dakika kumi na tano kwa saa, hakuna. Nikasogea kidogo, dakika ishirini, trrrp! Kushoto. Halafu tena, mbele. Jicho sikuliona, wala doa, niliona jani limetikisika tu. Shemeji ndiye aliyekiona, kwa sekunde moja, na sasa ananiringia.

Tukirudi tukasikia kelele chini. Mama, ni vile vile umesema, mmoja analia ananyamaza, mwingine. Tukanyata. Alethe watatu, wako kwa vijiti, nyusi nyeupe naziona vizuri bila darubini, na mmoja alishuka miguuni pa shemeji akatoa nyenje kubwa kuliko kichwa chake, akaipiga kwa mti mara mbili, akameza ikiwa nzima, akabaki mdomo wazi kidogo. Nilikuwa nimejisahau kabisa nikiangalia hiyo nyenje inashuka kooni. Hapo ndio nikahisi ya kwanza, juu ya soksi. Nikasema ni nyasi. Ya pili ilikuwa goti. Yaliyofuata sitaandika kwa sababu kuna wazee humu, lakini shemeji amepiga picha, na hiyo sasa imetokea safi kabisa.

Kuna mtu anajua kichwa cha siafu kikibaki kwa ngozi unakitoa aje?

Mama_Khayega

Vuta polepole na kucha, mwanangu. Na siku nyingine ingiza suruali ndani ya soksi.